Uthibitisho Usio na Pengo

Mwaka 1879 mchapishaji Louis Nebert wa mjini Halle, Ujerumani, alitoa kijitabu cha kurasa zisizotimia mia moja kilichoitwa Begriffsschrift, yaani maandishi ya dhana. Mwandishi wake, Gottlob Frege, alikuwa na umri wa miaka 30 na alifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Jena. Ukikifungua katikati hukutani na aya za maneno. Unakutana na mistari ya wino, mingine imelala, mingine imesimama, imeshikana ikiteremka ukurasa, na kwenye ncha ya kulia kila mstari uliolala umebeba herufi. Fomula moja huweza kula sehemu kubwa ya ukurasa. Kushoto kuna vijedwali vya herufi, na kila fomula ina namba yake, kuanzia 1 hadi 133.

Wanaosoma mantiki leo wengi wao hawazioni kamwe kurasa hizo. Alama zake ziliachwa zamani, zikachukuliwa nyingine zilizo rahisi kupiga chapa. Naona tumepoteza kitu, kwa sababu ndani ya mistari ile umehifadhiwa ufundi ambao sijauona umefanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi mahali popote: ufundi wa kutoruka hatua hata moja. Tena ufundi huo haukuzaliwa na haja ya kupiga hesabu upesi. Ulizaliwa na swali la falsafa.

Swali lenyewe linaweza kuulizwa na mtoto: tunajuaje kwamba 7 na 5 ni 12? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1781 kuhusu mipaka ya akili, alijibu kwamba hata uichambue vipi dhana ya 7, na ya 5, na ya kujumlisha, hutaikuta 12 imekaa humo ndani. Lazima utoke nje ya dhana, uweke vidole au nukta mbele ya macho au mbele ya fikra, uziongeze moja baada ya moja. Kwa hiyo, kwa maoni yake, hesabu inahitaji namna fulani ya kuona. Kufikiri kutupu hakutoshi. Leibniz, aliyemtangulia, alikuwa ameona vingine. Kwake kweli za namba zinatokana na fasili peke yake, na alitoa mfano mdogo: uthibitisho kwamba 2 + 2 = 4. Fasili ni tatu. 2 ni 1 na 1. 3 ni 2 na 1. 4 ni 3 na 1. Basi 2 + 2 ni sawa na 2 + 1 + 1, ambayo ni 3 + 1, ambayo ni 4.

Inaonekana imekwisha. Lakini Frege, katika Die Grundlagen der Arithmetik ya mwaka 1884, aliweka kidole mahali penyewe: Leibniz ameacha mabano. Fasili ya 2 inatupa 2 + (1 + 1). Ili tufike 3 + 1 tunahitaji (2 + 1) + 1. Kuyahamisha mabano kutoka upande mmoja hadi mwingine ni sheria nzima ya hesabu, na katika zile fasili tatu hakuna hata moja inayoiruhusu. Jicho linapita juu yake kwa kuwa mabano hayakuandikwa, na kwa kuwa kila mtu anajua jibu. Hapa ndipo ninapomheshimu Frege kuliko mahali pengine pote. Kuliona pengo katika uthibitisho mgumu ni kazi ya msomi yeyote makini. Kuliona katika jumla ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaijua kwa moyo kunataka mtu aliyejizoeza kutoamini wepesi wake mwenyewe.

Sasa tazama kwa nini pengo ni jambo la falsafa. Kant na Leibniz wanabishana juu ya kile kinachoshikilia kweli za hesabu. Ikiwa uthibitisho wako una mahali ulipovuka kwa sababu jambo "linaonekana wazi", basi huwezi kusema ni nini kilichokuvusha. Huenda ni mantiki. Huenda ni ile namna ya kuona ambayo Kant aliitaja, imepenya bila kubisha hodi. Ugomvi wao haukatiki mpaka kila hatua iwe imewekwa hadharani pamoja na kibali chake. Frege anaeleza katika dibaji ya kijitabu chake kwamba alitaka kupima hesabu inaweza kufika umbali gani kwa kufikiri peke yake, akaanza na wazo la vitu kufuatana katika mfuatano, na akagundua kwamba maneno ya kawaida hayamfikishi. Kadiri uhusiano ulivyozidi kuwa tata ndivyo lugha ilivyozidi kuteleza mkononi.

Akalinganisha lugha ya kila siku na jicho, na maandishi yake na hadubini. Jicho linatumika kwa mambo mengi na hubadilika haraka kulingana na mazingira, lakini penye haja ya kutenganisha vitu vidogo mno halitoshi. Ulinganisho huo ulikuwa na wenyeji wake pale Jena: ndiko karakana ya Carl Zeiss ilikotengeneza hadubini zake, na mtu aliyeweka nadharia ya lenzi zile, Ernst Abbe, alikuwa mwalimu wa Frege na msaidizi wake mkubwa chuoni.

Basi tuitazame alama moja moja, kwa sababu sifa ya fundi iko kwenye viungo.

Ule mstari uliolala Frege aliuita mstari wa maudhui. Ukiandikwa mbele ya herufi unasema: hili hapa ni wazo, litazame. Bado hujaambiwa kama ni kweli. Kisha kwenye ncha ya kushoto kinasimamishwa kijistari kifupi, na hapo wazo linageuka kuwa hukumu. Sasa mwandishi anatamka kwamba ndivyo ilivyo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini maisha yetu yote ya kubishana yanaitegemea. Mtu akisema, "Ikiwa Juma ameiba, arudishe," hajasema kwamba Juma ameiba. Sentensi "Juma ameiba" imo ndani ya maneno yake, nzima nzima, lakini haikutamkwa kama hukumu. Lugha haituonyeshi tofauti hiyo kwa alama yoyote maalumu; tunaipata kwa kusikiliza sentensi nzima. Frege aliipa mstari wake.

Linafuata sharti. Wazo B linaning'inizwa chini ya wazo A kwa mstari uliosimama. Frege anaanza kwa kuhesabu: mawazo mawili hukutana kwa namna nne tu. Yote mawili ni kweli. A kweli na B si kweli. A si kweli na B kweli. Yote mawili si kweli. Alama ya sharti inaikataa namna moja kati ya hizo nne, ile ambayo B ni kweli na A si kweli. Haisemi kitu kingine. Haidai kwamba B imesababisha A, wala kwamba vitu hivyo viwili vinajuana. Mfano wake mmoja ni wa mwezi: mwezi ukiwa umeachana na jua kwa pembe mraba, huonekana nusu duara. Hapo sote tunasikia sababu. Lakini anatoa pia mfano ambamo A ni kwamba 3 × 7 ni 21 na B ni kwamba jua linawaka. Sharti linasimama vilevile, ingawa hakuna mtu ambaye angesema hivyo sokoni. Wengi hukwama hapa wakidhani mwandishi amekosea. Yeye amechagua. Neno "ikiwa" limebeba mambo mengi, na uthibitisho unahitaji moja tu kati ya hayo; mengine ameyaacha nje makusudi, na amewaambia wasomaji kwamba ameyaacha.

Kukanusha ni kijistari kifupi kinachoning'inia chini ya mstari wa maudhui. Kwa sharti na kanusho hilo anapata "na", anapata "au", anapata kila kiungo anachokihitaji cha kuunganisha sentensi kamili. Hilo peke yake lisingemtenga sana na George Boole, Mwingereza aliyekwisha kuigeuza mantiki kuwa aina ya aljebra katika vitabu vya 1847 na 1854. Mabadiliko makubwa yako ndani ya sentensi.

Tangu Aristotle, mwanamantiki aliikata sentensi vipande viwili, kiima na kiarifu. Aristotle mwenyewe alikuwa fundi wa kustaajabisha. Yeye ndiye aliyeweka herufi mahali pa vitu, ili tuone kwamba "kila B ni A, kila C ni B, basi kila C ni A" inashika bila kujali tunazungumzia nini. Kazi yake ilikaa imara kiasi kwamba Kant, katika chapa ya pili ya kitabu chake mwaka 1787, aliandika kuwa mantiki haijapiga hatua ya mbele tangu wakati huo na yaelekea imekamilika. Lakini kulikuwa na hoja nyepesi zilizokataa kuingia. Mfano maarufu unahusishwa na Augustus De Morgan: kila farasi ni mnyama, kwa hiyo kila kichwa cha farasi ni kichwa cha mnyama. Hakuna mwenye akili timamu anayeitilia shaka, na bado mkato wa kiima na kiarifu hauwezi kuithibitisha, kwa sababu uhusiano wa kichwa na mwenye kichwa umefichwa ndani ya kiarifu kama mzigo uliofungwa.

Frege alianza kwa kuonyesha kwamba kiima si jambo la mantiki hata kidogo. Wagiriki waliwashinda Waajemi huko Plataea. Waajemi walishindwa na Wagiriki huko Plataea. Kiima kimebadilika, lakini yanayofuata kutoka sentensi moja yanafuata pia kutoka nyingine. Kwa hiyo akauacha mkato huo, akachukua mwingine. Sentensi, alisema, ina sehemu inayokaa na sehemu inayoweza kubadilishwa. Mfano wake ninaupenda mno: Cato alimuua Cato. Toa Cato wa kwanza, uache nafasi. Kinachobaki ni kumuua Cato. Toa wa pili. Kinachobaki ni kuuawa na Cato. Toa wote wawili kwa pamoja, kinabaki kujiua. Sentensi moja ya maneno matatu, na ndani yake dhana tatu tofauti, kutegemea umechagua kuacha nafasi wapi. Wanafalsafa walikuwa wamezoea kudhani kwamba dhana zinakuja kwanza na hukumu hujengwa kwa kuziunganisha. Frege aliigeuza safari: anza na hukumu nzima, kisha zipate dhana kwa kuikata.

Nafasi ikishakuwa wazi, kinahitajika kitu cha kusema "chochote utakachoweka hapa". Frege anaukunja mstari wa maudhui kidogo, anatengeneza kibonde, na ndani ya kibonde anaweka herufi ya Kijerumani cha kale. Herufi hiyo ikitokea upande wa kulia, ujue inatawaliwa na kibonde kile. Kilipo kibonde ndipo mamlaka yake yanapoanzia. Sasa linganisha: "kwa kila namba, ipo namba iliyo kubwa kuliko hiyo" na "ipo namba iliyo kubwa kuliko kila namba." La kwanza ni kweli, la pili si kweli, na maneno ni karibu yale yale. Katika maandishi ya Frege huwezi kuyachanganya, kwa sababu kibonde kimoja kiko ndani ya himaya ya kingine na mpangilio unaonekana kwa macho. Haki inataka niseme kwamba Charles Sanders Peirce na mwanafunzi wake O. H. Mitchell, huko Marekani, walifika mahali hapo hapo katika miaka ya 1880 kwa njia yao wenyewe. Lakini Frege alitangulia, na alifika akiwa na mfumo mzima.

Mfumo huo ulikuwa na hukumu tisa zilizokubaliwa bila uthibitisho. Yeye alizihesabu kuwa kiini. Ya kwanza inasema kwamba ikiwa a ni kweli, basi ni kweli hata ukiongeza sharti lolote. Na njia ya kutoka hukumu hadi hukumu ilikuwa moja: ukiwa na "ikiwa B basi A", na ukiwa na B, chukua A. Vile vijedwali vya kushoto vinaonyesha ni herufi gani imebadilishwa na nini katika kila hatua. Hata hivyo fundi huyu naye aliacha kitu: kanuni inayoruhusu ubadilishaji huo hakuitamka. Aliitumia, akaionyesha ikifanya kazi, lakini hakuiandika kama kanuni. Katika kazi yake kubwa iliyofuata aliziweka kanuni zake waziwazi.

Nataka kukaa kidogo juu ya sehemu ya tatu ya kijitabu, kwa kuwa hapo ndipo chombo kinafanya kazi iliyotengenezewa. Swali ni hili: ni nini maana ya kusema kwamba mtu fulani ni mzao wa mtu mwingine? Tutajibu: ni mtoto wake, au mtoto wa mtoto wake, au mtoto wa mtoto wa mtoto wake, na kuendelea. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yenye shida. Kuendelea mara ngapi? Mara yoyote inayohesabika, tutasema. Lakini hesabu ndiyo tunayotaka kuieleza. Tukiileta hapa tumezunguka na kurudi tulikotoka. Na kama hatuileti, tunaishia kuchora akilini mstari wa vizazi unaorefuka, jambo ambalo Kant angetuambia ndilo hasa alilosema.

Frege alijibu hivi. Iite sifa fulani kuwa ya kurithika ikiwa kila aliye nayo, watoto wake nao wanayo. Ubinadamu ni sifa ya namna hiyo: kila mtoto wa binadamu ni binadamu. Sasa, y ni mzao wa x ikiwa y ana kila sifa ya kurithika ambayo watoto wote wa x wanayo. Basi, imetosha. Soma tena polepole. Hamna namba humo, hamna wakati, hamna "na kuendelea". Mzao wa kweli atapita kipimo hiki, kwa kuwa sifa hizo humteremkia kizazi kwa kizazi. Asiye mzao atakwama angalau kwenye sifa moja: kuwa wa uzao wa x ni sifa inayorithika, watoto wa x wanayo, na yeye hana. Badili "mtoto wa" kwa "namba inayofuata", anzia sifuri, na umepata namba zote za kuhesabia. Ile njia ya wanahisabati ya kuthibitisha jambo kwa sifuri, kisha kuonyesha kwamba linapita kutoka namba moja hadi inayofuata, sasa inatoka ndani ya fasili yenyewe.

Fomula ya 133, ambayo ndiyo ya mwisho, inasema jambo ambalo kila mtu angelikubali bila kuuliza: ikiwa utaratibu fulani kila mara hutoa kitu kimoja tu, na vitu viwili vyote vinamfuata x katika mfuatano wake, basi vitu hivyo ni kimoja, au kimoja kimekitangulia kingine. Tungechora mshale na kusema "ona". Frege hakuchora mshale. Alipanda fomula kwa fomula mpaka akaipata kutoka kwenye mantiki peke yake.

Wasomaji wa wakati wake hawakuona. Ernst Schröder, mwanamantiki mwenye jina, aliandika mapitio marefu akilalamika kwamba maandishi hayo yanafuata desturi ya Kijapani ya kuandika kwa kushuka. John Venn wa Cambridge naye hakuona faida yake. Darasani Jena wanafunzi walikuwa wachache. Rudolf Carnap, aliyehudhuria mihadhara yake kuanzia 1910, alisimulia kwamba Frege alielekea ubao muda mwingi na wao waliuona mgongo. Ludwig Wittgenstein alimwendea mwaka 1911, akashauriwa aende kwa Bertrand Russell. Alama za Giuseppe Peano na za Russell, zilizopangika katika mstari mmoja kama maandishi ya kawaida, ndizo zilizoshinda. Kitu kimoja kilibaki: kijistari cha hukumu kikiwa kimegandana na mstari wa maudhui. Wanamantiki wa leo bado wanakiandika wakitaka kusema kwamba jambo fulani linathibitika, na kimo hata katika nadharia zinazotegemewa na programu kama Isabelle na Lean, ambazo hukagua uthibitisho hatua kwa hatua.

Kazi kubwa ya Frege iliitwa Grundgesetze der Arithmetik. Juzuu ya kwanza ilitoka 1893. Humo alitaka kumaliza ugomvi wa Kant na Leibniz: kuzitoa sheria za hesabu, zote, kutoka kwenye sheria chache za mantiki. Moja kati ya hizo ni Sheria ya Tano. Inahusu makundi: kundi la vitu vilivyo F ni lile lile la vitu vilivyo G pale tu ambapo kila kilicho F ni G na kila kilicho G ni F. Katika dibaji Frege aliandika kwamba, kwa kadiri anavyoona, kama kutakuwa na mgogoro utakuwa juu ya sheria hiyo. Fikiria maana ya maneno hayo kutoka kwa mtu aliyeweka maisha yake humo. Alikuwa anawaonyesha wapinzani mahali pa kupiga.

Kisha ikaja barua kutoka kwa Russell, iliyoandikwa tarehe 16 Juni 1902, juzuu ya pili ikiwa inachapwa. Ilikuwa fupi na yenye heshima. Chukua kundi la makundi yote yasiyojibeba yenyewe ndani yake. Je, lenyewe linajibeba? Kama linajibeba, basi haliwezi kuwemo. Kama halijibebi, basi lazima liwemo. Sheria ya Tano inaruhusu kundi hilo liundwe, na kwa hiyo mfumo mzima unathibitisha jambo pamoja na kinyume chake. Frege alijibu baada ya siku sita. Alikiri kwamba ameshtuka, akasema kwamba msingi aliodhani kujengea hesabu umetikisika, akamshukuru Russell kwa ugunduzi wake, na papo hapo akaanza kusahihisha namna Russell alivyolieleza jambo lenyewe, kwa sababu kulikuwa na hatua ya kutengeneza. Kisha akaongeza nyongeza mwishoni mwa juzuu ya pili, iliyotoka 1903, akawaeleza wasomaji wote kilichotokea. Marekebisho aliyoyapendekeza humo nayo hayakufaa, kama wanamantiki wa baadaye walivyoonyesha. Miaka 60 baada ya barua yake Russell, akiwa mzee, aliandika kwamba hajui mfano mwingine wa uaminifu kwa ukweli unaolingana na ule.

Siwezi kusema hayo nikanyamazia mengine. Shajara ya Frege ya mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya kifo chake huko Bad Kleinen, ina maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi na dhidi ya demokrasia. Michael Dummett, Mwingereza aliyetumia miaka mingi kumfafanua Frege na miaka mingine kupigana na ubaguzi wa rangi nchini mwake, aliandika waziwazi jinsi alivyoumia kuyasoma. Mtu aliyedai kibali kwa kila hatua ya hesabu hakudai kibali chochote kwa mawazo yale. Hilo linabaki kuwa doa lake, na kazi yake haiwezi kulifuta.

Kuhusu kazi yenyewe, habari haikuishia kwenye barua ya Russell. Katika Grundlagen, Frege alikuwa ametaja kanuni nyingine, nyepesi zaidi: idadi ya vitu F ni sawa na idadi ya vitu G pale tu ambapo vinaweza kuoanishwa kimoja kwa kimoja. Mfano wake ni mhudumu wa mezani, ambaye akitaka visu viwe sawa na sahani hahitaji kuhesabu. Anaweka kisu kimoja pembeni mwa kila sahani. Mwaka 1983 Crispin Wright alionyesha kwamba kanuni hiyo, pamoja na mantiki ya Frege, inatosha kuzitoa sheria za msingi za namba za kuhesabia. George Boolos akaliita jambo hilo nadharia ya Frege. Kisha mwaka 1993 Richard Kimberly Heck alichapisha matokeo ya kuipitia Grundgesetze yenyewe, uthibitisho baada ya uthibitisho, akitafuta ni wapi hasa Sheria ya Tano ilikuwa ya lazima. Alikuta kwamba ilikuwa ya lazima pale Frege alipoipata ile kanuni ya mhudumu na visu. Kwingineko, katika uthibitisho wa sheria za namba, inaweza kuondolewa bila jengo kuanguka. Upekuzi huo uliwezekana kwa sababu Frege aliandika, pembeni ya kila hatua, namba ya sheria aliyoitumia.